Mbwa Mdogo wa Nyumbani Katika Joto la Garsen

Mkazi wa Garsen anayetaka mbwa mdogo wa kukaa naye nyumbani, wa kulala kibarazani na kumfuata mtoto hadi dukani, ana njia mbili. Anaweza kuagiza mbwa wa kigeni kutoka Mombasa au Nairobi, au anaweza kwenda kijiji cha jirani, iwe Ngao, Tarasaa, Idsowe au Wema, akaomba mtoto wa mbwa wa kienyeji. Ushauri wangu nautoa mapema: mchukue wa kienyeji. Lakini najua wapo ambao tayari wameshamleta wa kigeni, au wameletewa zawadi na kijana wao anayefanya kazi mjini, na mbwa akishafika hana kosa, kilichobaki ni kumtunza. Maelezo haya ni ya wote wawili.

Unayemleta ni mbwa gani

Spitzi wa Kijapani anapendwa mijini kwa weupe wake na uso wake wa kuchangamka. Alizalishwa Japani katika miaka ya 1920 na 1930 kutokana na spitzi weupe wenye asili ya Ujerumani. Kimo chake begani ni sentimita 30 hadi 38, na akitunzwa vizuri huishi miaka 12 na zaidi. Ni mwerevu, anapenda watoto, hachoki kucheza, na humbwekea kila anayepita mlangoni. Shida yake huku kwetu ni manyoya. Yana matabaka mawili, la juu refu na la ndani zito, kwa sababu ukoo wake ni wa nchi za baridi.

Mbwa wa Malta, ambaye kwa kawaida hafiki kilo nne, hana tabaka la ndani, ila manyoya yake marefu hujifunga mafundo usipoyachana kila siku, na hunasa kila mbegu na kila mwiba. Chihuahua wa Mexico ana kilo zisizozidi tatu na hulistahimili joto kuliko hao wawili. Udhaifu wake ni umbo lenyewe: akiruka kutoka kitandani anaweza kuvunjika mguu, na mtoto wake akikaa na njaa saa chache tu, sukari mwilini hushuka, akalegea na kutetemeka. Hapo mpake asali kidogo kwenye fizi, na akipata nguvu umlishe.

Mbwa wadogo wa kigeni wanafanana katika mambo matatu. Magoti yao huteguka kirahisi, meno yao huharibika mapema kwa kubanana mdomoni, na bomba lao la hewa ni laini. Kwa hiyo usimvute mbwa wa namna hii kwa kamba ya shingoni; mtafutie mkanda wa kifuani. Na wale wenye pua bapa, kama pagi, usiwalete Garsen kabisa. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na mwenye pua iliyobonyea hahemi vya kutosha hata Nairobi penye baridi.

Mbwa wa kienyeji hana cheti cha East Africa Kennel Club, chama cha Nairobi kinachoandikisha mbwa wa ukoo. Urithi wake ni vizazi na vizazi vya wazazi waliolala nje katika bonde hili la Tana wakaishi. Manyoya yake ni mafupi yaliyolala, kifua chembamba, mkia aghalabu umejikunja, rangi kahawia au nyeusi, mara nyingi na doa jeupe kifuani. Wengi wao wana kati ya kilo 10 na 15, na wapo wadogo zaidi. Ukitaka mdogo, usimpime kwa jinsi alivyo leo. Mtazame mama yake, na baba kama anajulikana. Basenji wa misitu ya Kongo, ambaye naye ni mbwa wa vijiji vya Afrika, alipelekwa Uingereza miaka ya 1930, na leo wanaomfuga huko wanamsifu kwa usafi, manyoya mafupi na akili ya kujitegemea. Sifa hizo utazikuta kwa mbwa anayelala chini ya mwembe pale Ngao.

Mwenye mbwa akitaka kukupa mtoto wa wiki nne ili apunguze mzigo, mwombe akuwekee hadi atimize wiki nane. Wiki hizo nne za mwisho ndizo anazojifunza kwa mama na ndugu zake kiasi cha kung'ata anapocheza, na mtoto aliyekosa somo hilo atakuja kuwaumiza wanao. Siku ya kumchukua, mfunue mdomo uone fizi: ziwe za waridi, zisiwe nyeupe. Tumbo lililovimba kwenye mwili mwembamba ni minyoo. Piga makofi kidogo ukiwa nyuma yake. Anayeshtuka kisha akaja kukunusa ndiye wa kuchukua.

Joto

Mchana wa Garsen hupita nyuzi 33 kwa urahisi, na miezi ya Januari hadi Machi ndiyo migumu zaidi. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 ubongo na figo huanza kuharibika, na mbwa mdogo mwenye manyoya mazito anaweza kufika huko kwa muda mfupi ndani ya chumba cha mabati kilichofungwa. Mtembeze kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Kabla hujatoka naye, weka mgongo wa mkono wako juu ya mchanga au lami uhesabu hadi saba. Ikiwa wewe umeshindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua.

Watu wengi humnyoa spitzi hadi ngozi ionekane wakidhani wanamsaidia. Msinyoe. Tabaka la juu huzuia jua lisifike kwenye ngozi, na likishakatwa huota vibaya, pengine lisirudi kama zamani. Cha kufanya ni kumchana manyoya ya ndani yaliyokufa, mara mbili au tatu kwa wiki, hadi kitana kitoke kitupu. Mahali pake pa kulala pawe chini ya mti au chini ya paa la makuti, sakafu ikiwa ya udongo uliolowanishwa kidogo. Maji yawepo muda wote. Mbwa wa kilo sita huhitaji kama mililita 350 kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali anaweza kunywa mara mbili ya hapo. Maji ya mto yaache yatulie kwenye ndoo, uyachuje na kuyachemsha kama unavyofanya ya kwako.

Ukimkuta anahema kwa kasi bila kutulia, ulimi umekuwa mwekundu wa kuiva, mate mazito yanamtoka na miguu inapepesuka, huo ni mshtuko wa joto. Mwondoe juani. Mmwagie maji ya kawaida ya mtungini tumboni, mapajani na kwenye nyayo, huku mtu mwingine akimpepea.  Mpe maji kidogo kidogo alambe mwenyewe. Ukimlazimisha yataingia mapafuni. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama amesimama, maana madhara ya figo huonekana baadaye.

Kupe, funza na mbung'o

Kila jioni, mbwa akiwa ametulia miguuni pako, mpapase mwili mzima kwa vidole. Anza ndani ya masikio, ukunjue kila pindo. Shuka shingoni chini ya mkanda, kisha makwapani, kwenye mapaja kwa ndani, chini ya mkia, umalizie kati ya vidole vya miguu, kidole kwa kidole. Kupe mchanga hupapaswa kama punje ya ufuta. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kuzungusha, umtumbukize kwenye spiriti. Usimponde kwa kucha na usimchome kwa kiberiti akiwa bado amening'inia. Kupe wa kahawia huambukiza mbwa magonjwa ya damu, na dalili zake ni homa, fizi kupauka, mkojo wenye rangi ya chai au damu kutoka puani.

Ukiwa kwenye vidole hapo, tafuta na funza: doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati, hasa pembeni mwa nyayo. Mbwa mwenye funza huwaeneza nyumba nzima, watoto wakiwemo. Tibu mbwa na sakafu kwa pamoja. Nyunyiza maji ufagie vumbi kila siku pale anapolala, na sakafu ya udongo ikandike upya. Mwiba wa mathenge nao huvunjikia ndani ya nyayo, ukaoza taratibu. Mbwa anayelamba mguu mmoja siku nzima ana sababu.

Ugonjwa ambao vitabu vya mbwa vya Ulaya havikutayarishi nao ni wa mbung'o. Wafugaji wa Kiorma na Wawardei wanaujua vizuri kwa ng'ombe wao, na mbwa huupata vile vile kwenye vichaka vya delta. Mbwa hupata homa inayokuja na kwenda, tezi za shingoni huvimba, uso hufura, na jicho hufanya ukungu wa bluu kana kwamba limemwagiwa maziwa. Jicho la namna hiyo lisikufanye usubiri. Nenda siku hiyo hiyo. Dawa ipo, ile sindano ya njano wanayochomwa ng'ombe, lakini kwa mbwa kiasi cha tiba na kiasi cha sumu vimekaribiana mno. Kosa dogo la kipimo kwa mbwa wa kilo tano linamletea kifafa na kifo. Mfugaji mwenye uzoefu wa ng'ombe, hata akiwa mzee unayemheshimu sana, asimchome mbwa wako. Apimwe uzito na daktari.

Hayo hayo nayasema kuhusu dawa nyingine za duka la mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya minyoo ya mbuzi zimetengenezwa kwa miili mikubwa. Na dawa za maumivu za binadamu, kuanzia diklofenaki hadi paracetamoli, humtoboa mbwa tumbo au humharibu ini. Mbwa mdogo anaweza kufa kwa kidonge kimoja kilichotolewa kwa huruma.

Chakula

Ugali mtupu hushibisha bila kujenga. Kwa mbwa aliyekomaa, wa kienyeji au wa kigeni, sahani ya asubuhi na ya jioni iwe na ugali au wali, na angalau theluthi moja iwe samaki, dagaa, mayai au nyama iliyopikwa. Perege na kambare wa Tana ni chakula kizuri sana, lakini chemsha, ondoa miba yote kwa mkono, kisha changanya. Mtoto wa chini ya miezi minne ale mara nne kwa siku. Usiweke chumvi, usimpe ng'onda hata kidogo, na vitunguu usivitie, kwa kuwa huharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha.

Msimu wa maembe uwe macho. Vijiji vya chini ya mto hujaa kokwa barazani na njiani, mbwa mdogo hulipenda kokwa lenye utamu uliobakia, akalimeza, likaziba utumbo. Mbwa anayetapika kila anachokula na hajaenda choo siku mbili katika msimu huo, mwambie daktari mara moja kuhusu maembe. Aghalabu hutakiwa kupasuliwa, na ni bora kuzoa makokwa kila jioni.

Kitu cha mwisho kwenye sahani: usimpe matumbo mabichi, hasa maini na mapafu ya mbuzi au kondoo yenye malengelenge. Ndani yake mna minyoo midogo ambayo hukua tumboni mwa mbwa, na mayai yake humfanyia binadamu uvimbe kwenye ini. Dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

Majirani

Garsen ni mji wa Waislamu na Wakristo, na pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, yenye kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mafundisho hayo hayo yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Kwa hiyo jirani yako Mwislamu mara nyingi hana uadui na mbwa. Anachohofia ni ulimi wake kufika kwenye mkeka wa swala au chombo cha kunywea. Mzuie. Mjengee ua, vyombo vyake viwe vyake peke yake, na umpitishe mbali na msikiti, hasa nyakati za swala. Nenda mwenyewe ukamweleze jirani kabla mbwa hajafika: “Mzee, naleta mbwa mdogo, nimemwekea ua, akikusumbua niambie.” Maneno hayo huepusha ugomvi wa miaka.

Mbwa naye anahitaji kulindwa. Usimpeleke mtoni bila kamba, hata kwa dakika ya kuchota maji, maana mamba wa Tana humnyakua mbwa ukingoni. Shambani, nyani humrarua mbwa mdogo anayewafukuza. Kwenye hifadhi ya nyani ya Tana River, iliyotengwa 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu na mangabei wa mto huu, usimpeleke kabisa. Magonjwa husafiri kutoka kwa mbwa kwenda kwa wanyama wa porini. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walihusishwa. Delta yetu na nyika ya Lamu bado zina mbwa mwitu, ambao ugonjwa huo huo unaweza kuwamaliza. Chanjo ya distempa na parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita.

Mafuriko yakitangazwa, mfungue mbwa kwanza, kabla ya kufunga mizigo. Mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena 2024, maji yaliwatoa watu vijijini kuelekea sehemu zilizoinuka, na mbwa aliyefungwa mnyororo hana pa kwenda. Weka kamba na cheti cha chanjo kwenye mfuko mmoja na vitambulisho vyenu. Kumfunga mnyama bila kivuli wala maji, kumnyima chakula au kumtelekeza ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

Kichaa

Hapa sitaki msomaji apite haraka. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kati ya watu wanaokipata duniani, hadi asilimia 99 huambukizwa na mbwa, na walio hatarini zaidi ni watoto. Louis Pasteur alianza kutumia chanjo kwa binadamu mwaka 1885, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto wa Tarasaa kufa kwa ugonjwa huu leo. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa kila eneo. Mbwa wako mdogo anayelala ndani ni sehemu ya hesabu hiyo. Achanjwe anapotimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti ukitunze. Udogo wake haumkingi, kwani hung'atwa na mbwa wa njiani kirahisi kuliko wakubwa.

Mtu aking'atwa, au mate ya mbwa yakiingia kwenye mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili. Nenda hospitali ya Ngao siku hiyo hiyo. Chanjo ikikosekana usirudi nyumbani, endelea hadi Malindi au Hola. Sindano ni kadhaa katika siku zinazopangwa, na kukatiza katikati ni hatari. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira ikiwa anaweza kufungiwa salama. Daktari wa mifugo humchunguza kwa siku kumi, na akibaki mzima hadi hapo, hakuwa akitoa virusi alipong'ata. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetangatanga, aliyelegea taya au aliyepotewa na sauti, asiguswe na mtu yeyote. Tangaza kwa mzee wa mtaa na ofisi ya mifugo.

Basi kabla hujatoa pesa ya mbwa, awe wa kienyeji au wa kigeni, pita kwanza kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ya Tana Delta uulize chanjo ya kichaa itapatikana lini. Tarehe utakayopewa ndiyo ikupangie siku ya kumleta nyumbani, na siku hiyo ya chanjo waambie na majirani waje na mbwa wao.